Daftari la Klabu ya Kashindo

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na anayesema siku hiyo sokoni kwetu kulikuwa na nafasi ya kuweka mguu, hakuwepo. Katongo alikuwa amesimama mbele ya kibanda cha zipu na vifungo. Alivaa gauni la kitenge cha kijani alilojishonea mwenyewe, limembana kiunoni na kupanuka mikononi, na futi yake ya fundi ilikuwa imening'inia shingoni. Mkono mmoja ulishika sahani ya karatasi yenye vipande vitatu vya chikanda, mkate wetu wa mizizi ya porini na karanga, chenye pilipili, mkono mwingine ulikuwa unachambua zipu.

"Za kijani zimekwisha," muuzaji akamwambia.

"Zimekwishaje, na naziona nyuma ya kichwa chako?"

"Zile za mteja."

"Na mimi ni nani? Nzi?"

Kisha akaongeza kwa Kibemba maneno mawili ambayo sitayaandika hapa. Nyuma yake mwanamume akaangua kicheko.

"Dada, kwa mdomo huo, kwenu lazima ni Kasama, kwa Wabemba."

Katongo akageuka. Aliona kwanza kofia ya kahawia yenye ukingo mpana, imekaa upande. Chini ya kofia palikuwa na macho ya mtu anayejijua kuwa mzuri, halafu shati jeupe lililopigwa pasi, halafu buti zilizojaa vumbi jekundu. Juu mtu wa ofisi, chini kibarua.

"Ndiyo, kwetu Kasama. Unataka nini?"

"Basi umekwisha. Mimi ni Jere, Yotamu Jere, Mngoni wa Chipata." Na papo hapo akanyoosha mkono, akachukua kipande cha chikanda kwenye sahani yake, akakitia mdomoni.

Waliokuwa karibu wakacheka, na hakuna aliyeshangaa. Wangoni na Wabemba walipigana zamani mpaka wakachoka, na tangu wachoke ni watani. Mngoni akimkuta Mbemba anakula, anakula naye bila kukaribishwa. Mbemba akikipenda kiti cha Mngoni, anaondoka nacho. Mbemba humwita Mngoni mla panya, naye huitwa mla nyani. Hata msibani, mtani ndiye mwenye ruhusa ya kumcheka marehemu na kujilaza mlangoni, maiti asitoke mpaka yeye apewe chake. Anayekasirika ndiye mwenye makosa.

"Utaumwa tumbo," Katongo akasema. "Hicho si panya, tumbo lako halikijui."

"Afadhali mimi mla panya. Wewe mla nyani utamla ndugu yako bila kujua, maana sura ni moja."

"Mama yangu! Huyu kaka ametoka wapi asubuhi hii?"

Alipokuwa bado anacheka, Yotamu aliivuta futi shingoni mwake, akaizungusha kwenye kidole, akatumbukia kwenye umati. Ila Katongo naye hakuzaliwa jana. Aliruka, akainyakua ile kofia, akaivaa juu ya nywele zake za kusuka, akarudi kugombania zipu ya kijani. Aliipata.

Jioni simu yake ikalia.

"Nani mwenzangu?"

"Mwenye futi yako. Umeandika namba yako nyuma yake kwa wino, kama mtu anayeomba kupigiwa."

"Mwizi, basi."

"Mtani haibi, mpenzi. Mtani anachukua."

"Mpenzi! Mpenzi wa nani? Lete futi, nina magauni manne ya harusi yananisubiri."

"Lete kofia. Jua linaniunguza, nitakuwa mweusi kama wewe."

"Njoo uichukue Klabu. Kesho mchana, tuna dansi. Lakini uje umeoga."

Nadhani tangu hapo hakuna aliyekuwa na hamu ya kurudishiwa kitu chake. Futi ilibaki mfukoni mwa Yotamu, na kofia ikatundikwa pale Klabu, kwenye msumari ukutani juu ya cherehani ya Katongo.

Klabu ndilo jumba letu la mtaa wa Kashindo. Mgodi uliwajengea wafanyakazi wake enzi zile shaba ilipokuwa shaba, kisha mgodi ulipopunguza watu ukatuachia sisi wakazi kwa mdomo, na hati ikaenda kukaa manispaa. Paa linavuja sehemu mbili, lakini sakafu ni ya mninga, nyekundu, imelainishwa na miguu ya wazazi wetu. Hapo ndipo tunapoozeshana, hapo ndipo tunapoliliana. Chumba cha nyuma kina cherehani sita za chama cha akina mama, na kwa Katongo, aliyekuwa na umri wa miaka thelathini na moja na mama aliyekufa akiwa ameinamia mojawapo ya cherehani hizo, hapakuwa na mahali pengine duniani. Ufunguo wa Klabu alikabidhiwa yeye, na daftari pia.

Daftari hilo nalieleza mapema kwa sababu ndilo lililotumaliza. Baada ya viti vinane kupotea kwenye harusi moja, mwenyekiti wetu Mama Kunda aliamuru kila anayeingia Klabu atie jina, namba ya nyumba na sahihi. Katongo alipiga mistari kwa rula, ukurasa baada ya ukurasa. Juu ya kurasa hizo hakuandika kitu. Kichwa cha nini, wakati kila mtu anajua amekuja kucheza au kuzika?

Jumapili hiyo Yotamu aliingia bila kupiga hodi, kama ilivyo haki ya mtani, akapita moja kwa moja mpaka kwenye sufuria la nshima, ugali wetu. Alikuwa ameoga. Alivaa suti ya kijivu ya zamani iliyomkaa vizuri mabegani, na alipomshika Katongo mkono wakazunguka kwa rumba, akina mama waliacha kutafuna.

"Unacheza vizuri kwa mtu wa manispaa," Katongo akamwambia.

"Nani amekwambia ni wa manispaa?"

"Buti zako. Wapima viwanja wote mna vumbi la rangi moja."

Akacheka. "Sawa, umenikamata. Sakafu nzuri hii. Mita kumi na nane kwa kumi na mbili."

"Umejuaje?"

"Jicho la kazi," akasema, akamzungusha tena.

Katongo alimwamini. Ungekuwa wewe, na mkono wa mtu kama yule uko mgongoni mwako, ungeuliza zaidi?

Miezi minne ilipita. Yotamu alikuwa anapiga simu asubuhi kabla hajavaa viatu.

"Nyani wangu ameamkaje?"

"Ameamka na njaa. Panya wangu je?"

"Panya yuko shimoni anakuwaza."

"Muongo. Unawaza chakula."

"Nawaza chakula ulichopika wewe. Kuna tofauti kubwa, mama."

Alikula kwa Katongo Jumanne na Ijumaa. Alichukua kikombe chake, kanga yake ya kufutia mikono, mara moja akachukua jogoo mzima chini ya kwapa na mtaa wote ukamshangilia. Na siku moja mwanzoni mwa Juni alichukua daftari la Klabu juu ya meza ya cherehani.

"Nimelitia mbaroni," akasema, akilificha ndani ya koti. "Utalikomboa kwa ugali na mboga ya karanga."

"Likichafuka, Mama Kunda atakutafuna na mifupa."

Alilirudisha baada ya siku mbili, safi, limefungwa kwa utepe. Katongo aliliweka mahali pake bila hata kulifungua. Wiki hiyo Yotamu alikuwa mpole kuliko kawaida. Alimletea mkasi mpya wa chuma, mzito, akamuuliza kama siku moja angependa kufungua duka lake mwenyewe mjini, mahali penye kioo mbele.

"Niache Klabu niende wapi?"

"Nimeuliza tu, mpenzi."

Wiki tatu baadaye tangazo likabandikwa kwenye mlango wa Klabu. Manispaa inakusudia kuliuza jumba na kiwanja chake kwa mwekezaji atakayejenga ghala. Wakazi wameshirikishwa na wameridhia, watu mia mbili na kumi na wanne. Majina na sahihi vinapatikana kwenye ubao wa ofisi ya ardhi.

"Wameridhia akina nani?" Mama Kunda aliuliza, na sauti yake ilisikika mpaka kwenye bomba la maji. "Nani ameridhia hapa? Anyooshe mkono nimwone!"

Hakuna aliyenyoosha. Siku hiyo hiyo yeye na Katongo wakaenda manispaa kwa miguu, Mama Kunda akiwa mbele na mwavuli wake uliokunjwa kama anakwenda kumpiga mtu.

Karatasi zilikuwa nyuma ya kioo. Juu ya kila moja palikuwa na mstari wa maandishi ya mashine: *Sisi wakazi wa Kashindo tunaridhia kuuzwa kwa jumba la klabu.* Chini ya mstari huo ilikuwa mistari ya rula ya Katongo. Lilikuwepo doa la mafuta ya vitumbua aliloacha mtoto wa dada yake siku ya Pasaka. Lilikuwepo jina la Mama Kunda lenye herufi zinazolala upande. Na katika ukurasa wa tatu, lilikuwepo jina la mzee Chibuye, aliyetia sahihi kwenye harusi ya Januari, ambaye sote tulimzika mwezi wa Aprili. Tarehe ya karatasi ilikuwa kumi na mbili Juni.

Mama Kunda alisoma polepole, kidole kikigusa kioo. Halafu akageuka.

"Hili ni daftari lako."

"Ndiyo."

"Nani alilitoa?"

Katongo alifungua mdomo. Jina la Yotamu lilikuwa pale kwenye ulimi, na hakuweza kulitamka. Mama Kunda hakumsubiri, alikuwa anajua ni nani anayeingia Klabu bila hodi.

Katongo alipiga simu nyuma ya jengo la manispaa, kwenye kivuli cha ukuta.

"Nyani wangu! Mbona mchana..."

"Daftari langu ulilipeleka wapi?"

Alisikia mlango ukifungwa upande wa pili.

"Yotamu."

"Katongo, ngoja nije nikueleze."

"Nimekuuliza wapi. Sikukuuliza maelezo."

"Ofisini. Mkubwa wangu, Bwana Kapasa, alitaka majina ya wanaolitumia jumba. Alisema wanatafuta fedha za kukarabati paa. Nikaona nitakushangaza, paa litengenezwe... Mpenzi, nilidanganywa kama wewe."

"Ukajua lini kwamba si paa?"

"Katongo..."

"Lini?"

"Siku ile ile nilipolirudisha."

Alihesabu bila kutaka. Wiki tatu. Jumanne tatu na Ijumaa tatu, amekaa mezani kwake, amelamba vidole, ameuliza kama kuna zaidi.

"Na hukusema."

"Nimebakiza miezi miwili kuthibitishwa kazini. Ningesema nini? Angenifukuza, na jumba lingeuzwa vile vile. Nilikuwa natafuta njia..."

"Ulikuwa unatafuta duka lenye kioo mbele."

"Mama, nisikilize..."

"Usiniite mama. Mama yangu alifia kwenye cherehani iliyo ndani ya lile jumba." Akakata simu. Kisha akakaa chini kwenye vumbi, na gauni lake zuri, akalia kwa sauti bila kujali nani anapita.

Sisi wa Kashindo hatukumtendea haki, nalisema waziwazi. Tulitaka mtu wa kumlaumu, na aliyekuwa karibu ni yeye. Wasichana waliacha kumsalimia bombani. Bibi harusi mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake kabla hakijakatwa, akasema amepata fundi mwingine, akaondoka bila kumtazama usoni. Wengine walisema amehongwa. Wengine walisema, "Mwanamke akipenda, anagawa hata kaburi la mama yake," na walihakikisha anasikia.

Mama Kunda alimfuata nyumbani. Hakukaa.

"Niletee ufunguo."

"Mama Kunda, sikujua. Nakuapia."

"Najua hukujua. Wewe si mbaya, mwanangu. Lakini tulikupa mlango wetu, ukamwachia mtu anaingia bila hodi. Niletee ufunguo."

Aliuleta. Alisema baadaye kwamba hata siku aliyozikwa mama yake hakujiona mkiwa kiasi kile, kwa sababu siku ile watu walikuwa wamemshika mikono.

Yotamu alipiga simu kila siku. Hakupokea. Alituma ujumbe wa kuomba, ujumbe wa utani, ujumbe wenye neno moja tu, jina lake. Ijumaa alichungulia dirishani mwa Klabu, akakuta kofia yake haipo msumarini. Katongo alikuwa ameichukua na kuitupa nyuma ya pipa la maji nyumbani kwake, kisha saa moja baadaye akaenda kuiokota na kuipangusa, akiwa na hasira na mikono yake mwenyewe.

Tulipeleka pingamizi manispaa. Tulipeleka na suala la marehemu Chibuye. Bwana Kapasa alitujibu kwa barua kwamba hayo ni makosa madogo ya uandishi, na kwamba mnunuzi atakabidhiwa jumba siku ya Alhamisi saa nne asubuhi.

Hapo ndipo Katongo alipokwenda kwa Mama Kunda na wazo. Alisimama nje ya uzio kama mgeni.

"Wanakuja kutuzikia jumba," alisema. "Basi tulikalie matanga. Tuone atakayepita juu ya watu wenye msiba."

"Mikeka utaleta wewe," Mama Kunda akasema.

Alhamisi asubuhi Kashindo yote ilikuwa mbele ya Klabu. Akina mama walijifunga vitenge kiunoni na vitambaa kichwani, wakakaa chini kwenye mikeka. Wanaume walikaa upande wao kwenye vigoda, wamezunguka jiko la mkaa, wanaongea kwa sauti ya chini. Tuliimba nyimbo za msiba, na kusema kweli tulipoanza ilikuwa maigizo, ila ubeti wa pili haukufika kabla watu hawajaanza kulia machozi halisi. Katongo alikaa peke yake ukingoni, kwenye mkeka ambao hakuna aliyekuja kukaa naye.

Saa nne gari likafika. Bwana Kapasa akashuka, suti ya bluu, tai nyekundu, faili kwapani. Nyuma yake mnunuzi, mtu mzima mnene mwenye haya, alionekana hakutarajia msiba.

"Ndugu zangu," Kapasa akaanza, "mambo ya sheria hayaendi kwa nyimbo."

Ndipo tukasikia mayowe kutoka barabarani.

"Yoooo! Yooo, mamaaa! Nani amekufa? Mbona hamkuniita? Wabemba wachoyo nyie, mnazika peke yenu ili mle peke yenu!"

Alikuwa Yotamu. Alijifunga kitenge cha kike juu ya suruali, kichwani alivaa gunia la mahindi, usoni alijipaka majivu, kama wafanyavyo watani msibani. Alipita katikati ya akina mama akiwapokonya vikombe vya chai, akanywa kimoja, akatema, akasema chai haina sukari. Watu walishtuka, halafu kwa mazoea ya miaka mingi wakaanza kucheka huku machozi yanatiririka. Alifika mlangoni mwa Klabu, akajilaza chali kwenye kizingiti.

"Maiti hatoki!" akapiga kelele. "Mtani sijapewa changu!"

Kapasa alikunja uso. "Jere? Ondoka hapo. Uko kazini."

"Niko msibani, mkubwa. Na wewe kwenu Luwingu, ni Mbemba kama hawa. Leo mimi ni mtani wako. Utakasirika?"

Watu wote wakamgeukia Kapasa. Akalazimika kutabasamu, mtani hakasirikiwi msibani, hata na mkubwa wake. "Haya, mtani. Unataka nini?"

"Nataka kumsifu marehemu Chibuye." Yotamu alikaa kitako. "Hodari yule mzee! Tulimzika Aprili, Juni akatoka kaburini, akajipangusa udongo, akaja ofisini kwetu kutia sahihi kwamba Klabu iuzwe. Kisha akarudi kulala. Wewe ulimpa kalamu, mkubwa, au alikuja na yake?"

Kicheko kilipasuka. Mnunuzi hakucheka. Akamtazama Kapasa.

"Na hawa wengine mia mbili na kumi na watatu," Yotamu akaendelea, "walikuja harusini, wakatia sahihi ili viti visiibiwe. Kichwa cha karatasi hakikuwepo. Kiliandikwa ofisini, mezani kwako, mkubwa. Kurasa zikatolewa nakala, kichwa kikachapwa, kikakatwa vipande, kikabandikwa juu ya kila nakala."

"Jere, nyamaza! Una ushahidi gani?"

Tabasamu la mtani likamtoka Yotamu usoni. Majivu yalikuwa yameanza kulowana mashavuni. Hakumtazama Kapasa tena, alimtazama Katongo.

"Ushahidi ni mimi. Mimi ndiye niliyelipima hili jumba mwezi wa Januari, kabla sijamjua mtu yeyote hapa. Mimi ndiye niliyelitoa daftari kwa utani, na nilijua linakwenda kufanya nini. Hakukuwa na habari ya paa. Na mkasi uliokata vile vichwa, na gundi iliyobandika, vilikuwa mikononi mwangu."

Nyimbo zilikuwa zimekoma. Katongo alisimama. Alisikia mkono wa mtu ukimshika begani, ulikuwa wa Mama Kunda, na hakuuhisi sawasawa. Usiku baada ya usiku alikuwa akijifariji kwa jambo moja, kwamba Yotamu ni mwoga lakini alidanganywa kama yeye. Sasa hata hilo limeondoka. Mtu huyu alikuwa anaijua sakafu mita kwa mita siku ile wanacheza. Alikuwa analijua daftari alipokuwa analificha kwenye koti na kumchekesha.

"Mkasi," akasema, na sote tulimsikia. "Ule ulioniletea?"

Yotamu aliinamisha kichwa chenye gunia.

Mnunuzi alikuwa ameshafungua mlango wa gari. "Bwana Kapasa," alisema, "mimi nataka kiwanja, sitaki kesi na maiti." Akaondoka, vumbi likatufunika. Kapasa alibaki na faili lake, na akina mama wa Kashindo walianza kuinuka mmoja mmoja kwenye mikeka. Akaamua kuwahi njia.

Tulishangilia, ndiyo. Tulibebana. Kwenye vurugu ile wachache tu ndio waliomwona Katongo akitembea mpaka nyumbani, akirudi na mkasi mzito wa chuma, akiuweka chini mbele ya miguu ya Yotamu.

"Umepewa chako, mtani," alimwambia. "Sasa maiti atoke."

Yotamu akainuka kizingitini, akampisha.

Manispaa iliahirisha uuzaji mpaka itakapotuita mkutanoni, na mpaka leo hatujaitwa. Kapasa alihamishiwa wilaya nyingine. Yotamu alifukuzwa kazi wiki ile ile, nyumba ya serikali akanyang'anywa, akapanga chumba karibu na reli na kuanza kuwapimia watu misingi ya nyumba kwa kamba. Mama Kunda alirudisha ufunguo mbele ya wote, na akasema maneno ambayo si desturi yake kuyasema: "Tulikukosea." Bibi harusi naye alirudi na kitambaa chake. Katongo alikipokea, akapima, akashona, na hakutabasamu. Sasa kila ukurasa wa daftari una kichwa chake kwa mwandiko mnene: *Waliokuja Klabu tu, hawajakubali lolote.* Anayekuja anaandika na sababu ya kuja.

Jumamosi moja, akina mama wakiwa kwenye cherehani, sauti ikaita nje.

"Hodi."

Cherehani zote sita zikasimama. Mtu yule hakuwahi kupiga hodi maishani mwake.

"Kuna mtu mlangoni," Mama Kunda akasema.

"Namsikia," Katongo akajibu, akaendelea kushona.

Hodi ilipigwa mara tatu, kisha buti zikaondoka. Jumamosi iliyofuata zikarudi. Na iliyofuata. Mara ya tano mvua ilikuwa inanyesha, paa linavuja kwenye zile sehemu zake mbili, na Katongo akanyanyuka, akafungua nusu ya mlango.

Alikuwa amekonda. Shati bado lilikuwa limepigwa pasi, lakini ukosi umechakaa. Kichwa kilikuwa wazi, maji yanamtiririka.

"Nani?" aliuliza, ingawa anamwona.

"Jere."

"Unataka nini?"

"Kwanza, ruhusa ya kuingia."

Katongo akasogea. Yotamu akaingia hatua mbili tu, akasimama palepale, maji yakidondoka kwenye mninga. Alitoa futi mfukoni, imekunjwa vizuri, akaiweka mezani.

"Tia sahihi," Katongo akasema, akimsogezea daftari.

Aliandika jina. Kwenye namba ya nyumba akaacha wazi. Kwenye sababu akaandika: *Kurudisha futi.* Katongo alisoma, akalisukuma daftari nyuma kwake.

"Hilo daftari limeshabeba uongo wako mara moja. Andika ukweli."

Akafuta. Akaandika: *Kuomba.*

"Kuomba nini?"

"Mengi. Mstari hautoshi."

Katongo alichukua rula. Alifungua ukurasa mtupu, akapiga mistari polepole mpaka chini, na juu hakuandika kitu.

"Bado nakukasirikia," alisema. "Sijui itaisha lini. Labda haiishi."

"Najua."

"Njoo Jumamosi ijayo. Upige hodi. Kichwa tutaandika pamoja, mbele ya watu, na kila neno nitalisoma mara mbili."

"Nitakuja." Aligeuka kutoka, kisha macho yake yakapanda ukutani, kwenye msumari juu ya cherehani. Kofia ya kahawia ilikuwa imerudi mahali pake, imepanguswa vumbi. "Na kofia yangu, Katongo? Mvua hii."

Akina mama waliinamia vitambaa vyao, mabega yanatikisika.

"Kofia inabaki," Katongo akasema. "Wewe ndiye uliyepigwa marufuku kuchukua vya watu. Mimi bado."

Akafunga mlango, akaivaa futi yake shingoni, akarudi kwenye cherehani.